Kusikia na Kujibu

Tarehe 21 Novemba 1917 meli ya angani iliyopewa namba L59 iliondoka mji wa Jamboli, nchini Bulgaria, kuja huku kwetu. Nasema huku kwetu bila kutia chumvi, maana mahali ilipoagizwa kutua palikuwa Uwanda wa Makonde, nchi hii ya Newala na jirani zake ambayo kwa upande mmoja yatazama bonde la Ruvuma na kwa upande wa pili yateremka kuelekea vilima vya mawe vya Masasi. Kilikuwa chombo kirefu kupita mita 220, yaani viwanja viwili vya mpira vilivyopangwa kwa urefu na baki, kilichojazwa haidrojeni na kusukumwa kwa injini. Ndani yake mlikuwa na tani zipatazo 15 za risasi, bunduki za rashasha na dawa, vyote kwa ajili ya Paul von Lettow-Vorbeck na majeshi yake ya Kijerumani, ambayo wakati huo yalikuwa yamebanwa katika pembe hii ya kusini.

Safari ilikuwa ya kuja tu. Kwa kuwa huku hakukuwa na haidrojeni ya kukijaza tena, ilipangwa chombo chenyewe kibomolewe hapa hapa. Kitambaa cha nje kingeshonwa mahema, cha ndani kingekatwa bendeji, na mifupa yake ya madini mepesi ingesimamishwa kuwa minara ya simu ya upepo, kama wazee wetu walivyoyaita mawasiliano ya redio. Kwa hiyo, ndugu msomaji, uwanda huu ulikaribia kupata mnara wake wa kwanza mwaka 1917, uliotengenezwa kwa mifupa ya meli iliyoanguka kutoka mbinguni.

Haikuwa hivyo, na sababu yake ndiyo iliyonifanya niandike kurasa hizi. Siku ya pili ya safari, meli ikiwa juu ya jangwa, injini ya mbele iliharibika. Kasha la gia lilipasuka, ikabidi injini izimwe. Injini hiyo hiyo ndiyo iliyoupa umeme mtambo wa kupeleka habari. Tangu saa ile L59 ilikuwa na masikio lakini haina mdomo. Iliweza kunasa maneno yaliyotumwa kutoka Ulaya, lakini haikuweza kujibu hata neno moja. Usiku wa kuamkia tarehe 23, ikiwa kiasi cha kilomita 200 magharibi ya Khartoum, ilipokea amri ya kurudi: Waingereza wamekwisha kuteka sehemu kubwa ya Uwanda wa Makonde. Nahodha wake, Ludwig Bockholt, hakuwa na njia ya kuuliza swali, wala ya kusema kwamba amekwisha kupita nusu ya safari. Akageuza. Alitua Jamboli tarehe 25 baada ya kukaa angani saa 95 na kwenda kilomita 6,757 bila kutua popote.

Yako masimulizi kwamba amri ile ilikuwa uongo wa wapelelezi wa Kiingereza waliojua siri ya maandishi ya Wajerumani. Ni masimulizi matamu, na wanafunzi huyapenda, lakini mimi siyapi uzito. Amri ilitoka Ujerumani, na habari iliyokuwamo haikuwa mbali na ukweli, kwani siku ile ile ya tarehe 25 Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma karibu na Negomano akaingia Msumbiji.

Huku chini nako mawasiliano yalikuwa hali moja na kule juu. Mnara mkubwa wa Dar es Salaam ulikuwa umekwisha kubomolewa tangu Agosti 1914, mwanzoni kabisa mwa vita. Kapteni Tafel alikuwa akitoka Mahenge na kikosi chake kuja kuungana na mkuu wake, asijue mkuu huyo yuko wapi. Alizunguka na watu wenye njaa katika nchi isiyo na maji, na mwishoni mwa Novemba akajisalimisha katika maeneo ya Newala, mkubwa wake akiwa amevuka mto siku chache tu zilizopita. Wawili hawa walikosana kwa mwendo mfupi ambao simu yoyote ya leo, hata ile ya tochi, ingeumaliza kwa nusu dakika.

Na wenye nchi? Wao hawakuhesabiwa katika mazungumzo yale. Walichukuliwa chakula na majeshi ya pande zote mbili, na vijana wao wakachukuliwa upagazi. Katika vita ile ya Afrika Mashariki wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Laiti L59 ingefika, risasi zile zingetumika mashambani kwao. Mimi nashukuru gia ile ilipasuka, ingawa najua si gia iliyoirudisha meli.

Nimetangulia na kisa hiki kwa sababu ugonjwa wa L59 ndio ninaokutana nao mara nyingi kuliko wowote mwingine katika kompyuta za majumbani siku hizi. Tangu nilipostaafu, watu wa mtaani wamenifanya fundi, kwa hoja kwamba mtu aliyeongoza chuo cha ualimu hawezi kushindwa na kitu chenye vitufe. Wanakuja na kompyuta ya mkononi kwapani wakisema maneno yale yale: mtandao umejaa, lakini haufungui. Vile vijistari vya waifai kwenye kona ya kioo vimesimama vyote, kama askari wa gwaride, na bado ukurasa hauji.

Vijistari vile vinadanganya, au tuseme vinasema ukweli nusu. Vinaonyesha jinsi kompyuta yako inavyoisikia rauta. Havionyeshi jinsi rauta inavyoisikia kompyuta yako. Rauta imechomekwa ukutani, ina umeme wa kutosha na antena zake mbili au tatu. Kompyuta ya mkononi, na hasa simu, hutumia betri, na sauti yake imepunguzwa ili betri isiishe upesi. Ukikaa chumba cha tatu, ukuta wa tofali na mlango wa bati vikiwa katikati, unaweza kuisikia rauta vizuri huku yenyewe ikipata kutoka kwako mnong'ono tu. Katika waifai kila kipande cha habari kinachotumwa husubiri jibu la kupokelewa. Jibu lisipofika, kipande hutumwa upya, na tena, na tena. Wewe uliyekaa mbele ya kioo unaona duara linazunguka.

Utaratibu huo wa kusubiri jibu haukubuniwa na watengenezaji wa rauta za leo. Asili yake ni visiwa vya Hawaii, ambako mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa chuo kikuu cha huko waliunganisha kompyuta kwa redio, wakauita mtandao wao ALOHAnet. Kazi ya kutangaza kutoka kituo kikuu kwenda visiwani ilikuwa nyepesi, kwani msemaji alikuwa mmoja. Ugumu ulikuwa katika majibu. Visiwa vyote vilitumia masafa mamoja kujibu, na wawili wakisema kwa wakati mmoja maneno yao hugongana na kuharibika. Dawa waliyoipata ingempendeza mwalimu yeyote wa darasa la kwanza: sema, usiposikia kwamba umepokelewa, nyamaza kwa muda usiopangwa, kisha sema tena. Kwa kuwa kila mmoja hunyamaza kwa muda wake, si rahisi wagongane mara ya pili. Kanuni za waifai zilizotolewa mwaka 1997 zimeongeza adabu ya kusikiliza kwanza kama kuna mwingine anayesema, lakini uzao wake unajulikana.

Sisi wa uwanda huu tumechelewa kulielewa jambo hili la majibu, na sababu iko wazi. Redio yetu ilitulea kuwa wasikilizaji. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, ikawa Shirika la Utangazaji Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio ilipokataa, kila mwenye nayo alikuwa fundi wa upande mmoja tu, ule wa kusikia. Tulifunga waya wa shaba kutoka dirishani hadi juu ya mwembe. Tulianika betri juani zipate nguvu za jioni moja zaidi, na zilipata kweli. Waya wa ardhini ulizikwa karibu na msingi wa nyumba, na mafundi walitufundisha kuumwagilia maji, kwa kuwa udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Hebu fikiri, mahali ambapo mama zetu waliteremka genge alfajiri kufuata ndoo moja ya maji, mtu anamwagia redio! Nyumba nyingine ndoa ziliyumba kwa kata moja ya maji, na sijui kama walioleta ushauri ule waliwahi kufika Newala wakati wa kiangazi.

Mwaka 1973 nilikuwa mwalimu kijana wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa nchi nzima, na watu wanaokadiriwa kufika milioni 2 walikaa katika vikundi chini ya miti na katika madarasa, wakasikiliza redio na kusoma vitabu vyao, kisha wakajadili na kuchimba vyoo. Ilikuwa kazi kubwa na njema, na sitaki kuidharau hata kidogo. Lakini swali lililozuka chini ya mkorosho lilibaki chini ya mkorosho, au likapanda baiskeli kwenda wilayani likiwa karatasi. Mwaka uliofuata, 1974, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, marufuku iliyolegezwa katika miaka ya 1980. Basi mtu wa rika langu amefika kwenye kompyuta akiwa na mazoea ya miaka mingi ya kugeuza kitufe na kungoja sauti ije.

Nitaeleza kisa kimoja kwa urefu, kwa sababu kina magonjwa matatu ndani ya jioni moja.

Mwaka 2023 binti wa jirani, mwenye stashahada ya ualimu na miaka mitatu ya kukaa nyumbani bila kazi, alikuwa akijaza fomu ya maombi kwenye kompyuta. Dirisha la maombi lilikuwa lifungwe saa sita usiku wa siku ile. Tangazo alilisikia kwa wakati, kama walivyolisikia vijana wote wa nchi hii. Kulisikia hakukuwa na shida. Alikuja kwetu magharibi, kwa kuwa nyumba yetu ina rauta ya laini ya simu, akakaa katika chumba cha uani ili asisumbuliwe na watoto. Saa mbili usiku akaja kunibishia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umefika wapi?"

"Sijafika popote babu. Mtandao umejaa lakini ukurasa haufunguki."

Nyumba nzima ikawa na mafundi. Mmoja alitaka rauta izimwe na kuwashwa. Wa pili alitaka bando jipya linunuliwe. Wa tatu alisema laini itolewe iwekwe ya kampuni nyingine. Kila ushauri ulikuwa na mantiki yake, na ungefanyiwa kazi wote kwa pamoja tusingejua hata kesho yake kosa lilikuwa wapi. Nikaomba kwanza tujue habari inakatikia wapi. Nilichukua simu yangu, iliyounganishwa na rauta ile ile, nikasimama nayo kando ya rauta sebuleni. Gazeti likafunguka mara moja. Basi njia ya kutoka nyumbani hadi mnarani, na kutoka mnarani hadi duniani, ilikuwa nzima. Bando lilikuwapo, laini haikuwa na kosa, na rauta haikuhitaji kuguswa. Nikaenda nayo uani. Vijistari vilipungua kimoja tu, lakini gazeti halikufunguka. Tulipoangalia, kati ya chumba kile na rauta palikuwa na jokofu, ukuta, na tangi la plastiki la maji ya mvua lililojaa pomoni. Maji hunyonya mawimbi ya waifai kama mchanga unyonyavyo maji yenyewe, na nyumba za uwanda huu, kwa sababu anazozijua kila mtu, hazikosi tangi.

Tukamhamishia sebuleni. Hapo nilidhani kazi imekwisha, lakini ukurasa ukakataa tena, safari hii kwa namna tofauti. Zamani ulikuwa kimya. Sasa ulijibu upesi sana, na jibu lilikuwa onyo kwamba mawasiliano si salama. Mafundi wakarudi kwenye rauta. Nikasema mashine inayojibu upesi hivyo haina ugonjwa wa kusikia. Tuisome inasema nini. Kijana mmoja akasoma onyo lote hadi mwisho, jambo ambalo watu hawapendi kulifanya, na chini kabisa palikuwa na maneno kuhusu saa na tarehe. Tukatazama pembe ya kioo. Kompyuta ile iliamini kwamba ni tarehe 1 Januari 2009.

Ilikuwa mashine ya zamani, zawadi ya mjomba wake kutoka Dar es Salaam. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara, kama kitufe cha koti, ambayo kazi yake ni kuitunzia saa wakati imezimwa. Ikifa, na betri kubwa ikiisha kwa umeme kukatika, mashine huamka na kuhesabu upya tangu siku iliyowekewa kiwandani. Kurasa zinazopokea siri za watu huonyesha hati ya utambulisho yenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta ya 2009 ikionyeshwa hati iliyotolewa 2023 huiona ni ya kughushi, kwa kuwa bado haijaanza kutumika, na hukataa kuendelea. Haina kosa, hata mimi ningemkatalia mtu aliyeniletea cheti cha miaka 14 ijayo. Tuliandika tarehe sahihi kwa mkono. Ukurasa ukafunguka pale pale.

Ugonjwa wa tatu ulikuwa mdogo. Picha ya cheti chake ilikuwa nzito, na kupakia kulichukua muda mrefu kuliko kufungua. Hili nalo ni lile lile la masikio na mdomo, kwani mitandao ya laini za simu imepangwa hivyo makusudi, ipokee kwa wingi na kutuma kwa kiasi, kwa hesabu kwamba watu wengi husikiliza kuliko kusema. Tukaipiga picha upya ikiwa ndogo zaidi. Saa nne na dakika arobaini usiku alipata namba ya kupokelewa, akaiandika katika daftari, kwenye kiganja na nyuma ya kalenda ya ukutani. Kazi hakuipata kwa awamu ile. Alipata jibu la kumwambia hivyo, lenye jina lake.

Sipendi msomaji adhani kwamba kosa huwa nyumbani kila siku. Jumapili tarehe 12 Mei 2024 watu wa Afrika Mashariki walizima na kuwasha rauta zao kutwa nzima bila faida. Mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikuwa imekatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana, na kwa siku kadhaa huduma ilikuwa ya kuchechemea. Siku ile walikuja kwangu watu wengi kuliko kawaida. Dawa niliyowapa ilikuwa ya kupima tu, haikuwa ya kutibu. Nilimwambia mwenye printa aitume karatasi kutoka kwenye kompyuta yake. Karatasi ikatoka. Basi waifai yake ni nzima, kwa kuwa printa na kompyuta vilikuwa vikizungumza kupitia rauta ile ile. Nikamwambia ampigie simu ndugu yake aliye Masasi. Ikaita, wakaongea. Basi mnara nao ni mzima. Kilichobaki kilikuwa mbali, na hatukuwa na haki ya kuifungua rauta kwa bisibisi.

Hapo ndipo neno hili "bila waya" linapotuponza. Mwendo usio na waya ni kutoka kitini pako hadi sebuleni, na tena kutoka paani hadi mnarani. Kutoka hapo habari nyingi husafiri ndani ya nyuzi za kioo, kwa Mkongo wa Taifa uliochimbiwa kuanzia mwaka 2009, hadi Dar es Salaam na kuzama baharini. Kabla ya SEACOM kufika mwezi Julai mwaka huo tulitegemea satelaiti, kwa gharama kubwa na mwendo wa kobe. Na njia ile ya baharini yenyewe ni ya kale. Mwaka 1879 Waingereza walilaza waya wa simu za maandishi kutoka Durban kupita Msumbiji na Zanzibar hadi Aden, baada ya kuona aibu ya Isandlwana: jeshi lao lilipigwa na Wazulu tarehe 22 Januari, na London haikupata habari mpaka tarehe 11 Februari. Miaka 145 baadaye tunakatikiwa na mawasiliano katika bahari ile ile. Wakati waya ule wa kwanza ulipopita Zanzibar, misheni ya Masasi, iliyoanzishwa na Askofu Edward Steere mwaka 1876, ilikuwa ikipeleka barua zake pwani kwa miguu ya watu. Zanzibar ilizungumza na London kwa saa chache, na Masasi ilizungumza na Lindi kwa siku kadhaa. Asiyekuwa na ile sehemu ya mwisho alibaki kama ambaye hana kitu.

Sehemu hiyo ya mwisho sasa tunayo, kwa kiasi, na imeanza kubeba mambo mazito. Katika msimu wa 2024/25 korosho za vyama vyetu vikuu vya ushirika, TANECU wa Tandahimba na Newala na MAMCU wa Masasi na Mtwara, zilianza kuuzwa katika mnada wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania. Zamani wanunuzi waliandika bei kwenye karatasi, zikatiwa katika sanduku na kufunguliwa mbele ya watu. Sasa mnunuzi huandika bei yake akiwa kwenye kompyuta popote alipo, na wakulima hukusanyika kuona bei zikitokea kwenye kioo kikubwa. Mazungumzo ya vijiweni msimu ule yalikuwa juu ya mambo mawili, bei yenyewe na kama mtandao utasimama.

Nilimsikia mzee mmoja wa Makote akiuliza swali ambalo vijana walilicheka. Alitaka kujua kama kioo kile kinawasikia wao, au wao ndio wanaokisikia. Aliambiwa kwamba bei ikishatokea, wakulima waliopo huulizwa kama wanaikubali au wanaikataa, na jibu lao ndilo humaliza mnada. Akatikisa kichwa, akauliza mkutano ujao ni lini, na kama kutakuwa na gari la kutoka Makote siku hiyo.